Shahamu Iliyojificha: Habari za Ini na Moyo katika Pwani Yetu

Kijiji cha Kigombe kiko ufukoni, baina ya Tanga na Pangani. Mashariki yake ni bahari yenye miamba ya matumbawe. Magharibi yake yalienea mashamba ya mkonge, mmea ulioletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa kwanza Kikogwe karibu na Pangani. Watu wa Kigombe, basi, walizoea kupata riziki kwa mikono miwili: mmoja ulishika kamba ya jarife, na wa pili ulishika kisu cha kukatia mkonge. Katika habari hii mikono hiyo miwili ina maana kubwa, kwa sababu nataka kueleza jinsi kazi ya mikono na chakula cha mezani vinavyoandika historia yao ndani ya mwili wa mtu, mahali ambapo macho hayafiki.

Nitaanza na samaki. Mwaka 2003 mvuvi wa Kilwa, karibu na Songo Mnara, alinasa samaki mgeni. Kuanzia mwaka 2004 samaki wa namna hiyo walianza kunaswa katika jarife za pwani ya Tanga, na Kigombe ni miongoni mwa mahali walipoonekana. Wataalamu walimtambua: alikuwa silikanti, ambaye dunia ilidhani ametoweka tangu zaidi ya miaka milioni sitini iliyopita, hata alipoonekana Afrika Kusini mwezi wa Desemba mwaka 1938. Mwaka 2009 pwani hii ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Samaki huyo alipopasuliwa alionekana kuwa na jambo la kufikirisha. Kiungo ambacho kwa wahenga wake kilikuwa pafu si pafu tena, kimesinyaa na kuzungukwa na mafuta. Fuvu lake ni kubwa, lakini ubongo wake haujazi hata sehemu mbili katika mia za nafasi iliyomo. Nafasi nyingi iliyobaki imejaa mafuta vile vile. Wala silikanti hayuko peke yake. Papa, ambaye wavuvi wetu wanamjua vizuri zaidi, hana kibofu cha hewa cha kumwelesha majini. Ini lake kubwa lililojaa mafuta ndilo linalompunguzia uzito. Mafuta ya ini hilo wazee waliyaita sifa, wakayapaka mbao za majahazi yao zisiliwe na maji. Kwa viumbe hao wawili mafuta yaliyomo ndani ya kiungo ni neema: bila ya hayo wangezama.

Mwanadamu hakuumbwa hivyo. Ini la mtu mwenye afya halina mafuta zaidi ya sehemu tano katika mia ya uzito wake. Yakizidi hapo, na yakijikusanya pia katika kongosho, baina ya matumbo, na juu ya moyo wenyewe, hayamweleshi mtu, humzamisha. Humzamisha polepole, pasipo maumivu, miaka kumi au ishirini kabla ya siku ambayo atashika kifua na kuanguka. Wazee walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Katika jambo hili kikulacho kimo ndani zaidi kuliko nguo: kimo chini ya mbavu.

Lugha yetu yenyewe yashuhudia kwamba hatukuwa na hadhari juu ya adui huyu. Neno kitambi lina maana mbili: ni nguo ya kujifunga mwilini, na ni tumbo lililotokeza mbele. Zote mbili zilihesabiwa kuwa alama za mtu mwenye kitu. Aliyenenepa alipongezwa kuwa amepata. Aliyekonda aliulizwa ana ugonjwa gani au ana deni la nani. Hukumu hiyo haikuwa ya upumbavu. Ilizaliwa katika nchi iliyojua njaa, ambamo mtu mwenye akiba mwilini aliweza kuuvuka msimu mbaya na mwenziwe akazikwa. Lakini hukumu iliyokuwa ya haki katika zama moja yaweza kuwa dhuluma katika zama nyingine, na wajibu wa historia ni kutuonyesha mahali ilipogeuka.

Shahidi wa kwanza wa pwani yetu ni msafiri Ibn Battuta, aliyepita huku mwaka 1331. Alipokaa Mogadishu alilishwa wali uliopikwa kwa samli na vitoweo vya nyama, kuku, samaki na mboga, pamoja na ndizi zilizopikwa kwa maziwa na achari ya ndimu na pilipili. Aliandika kwamba mtu mmoja wa mji ule alikula chakula cha jamaa nzima ya watu wa kwao, na kwamba watu wale walikuwa wanene mno wa miili. Alipofika Mombasa aliandika habari nyingine: huko chakula kikubwa kilikuwa ndizi na samaki, na nafaka iliagizwa kutoka ng'ambo. Kisha tanga lilitwekwa kuelekea Kilwa, na chombo chake kikapita mbele ya pwani hii ya Tanga. Twaona kwamba tangu miaka karibu mia saba iliyopita pwani moja ilikuwa na sinia mbili: sinia ya mji wa biashara, iliyojaa samli na wali, na sinia ya mvuvi, yenye ndizi na samaki. Unene ulikuwa jambo la mlango wa sultani na wafanyabiashara, haukuwa jambo la ufukoni.

Yapasa tujiulize sasa mafuta ya ini hutoka wapi, maana wengi hudhani kwamba ale mafuta ndiye apatwaye na mafuta. Jibu la kwanza lilipatikana kwa bata bukini. Wamisri wa kale walichora kutani jinsi walivyowalisha bata hao kwa nguvu. Warumi nao waliwashibisha kwa tini, tunda lenye sukari nyingi, hata maini yao yakavimba na kulainika, wakayala kwa anasa. Desturi hiyo ilienea sana hata neno la Kitaliano la ini, fegato, limetokana na jina la tini. Bata wale hawakulishwa samli wala nyama ya kunona. Walilishwa tini na nafaka. Ini ndilo lililoigeuza sukari ya ziada kuwa shahamu. Jambo hili, ambalo mpishi wa Rumi alilijua kwa faida ya sahani yake, mabibi na mabwana wa leo hawalijui kwa hasara ya maisha yao.

Katika Afrika ya Mashariki, hata hivyo, ini lenye mafuta halikujulikana kwanza kwa shibe. Lilijulikana kwa njaa. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, alieleza katika miaka ya 1930 ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa nafaka mtupu. Jina la wenyeji wa huko, kwashiorkor, limeenea duniani, nasi twauita kwashakoo. Kampala, katika hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell na wenziwe waliuchunguza ugonjwa huo miaka mingi, wakatoa kitabu juu yake mwaka 1954. Walipopasua maiti za watoto hao waliona maini yaliyofura, ya rangi ya manjano, yamejaa mafuta. Sababu yake ni kwamba mafuta hutolewa inini kwa kubebwa na protini. Mtoto asiyepata protini hana wachukuzi, na shehena hubaki bandarini. Ini la mtoto mwenye njaa na ini la tajiri mwenye shibe, kwa hiyo, huweza kufanana chini ya darubini. Jambo hili latufundisha unyenyekevu: mafuta mahali pasipo pake ni ishara ya mizani iliyoharibika, na mizani huharibika kwa upungufu kama inavyoharibika kwa uzidifu.

Trowell huyo huyo ndiye aliyeandika sura inayofuata. Alikuwa amefanya kazi Kenya na Uganda tangu mwaka 1929, na katika muda huo wote hakukutana na Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo. Mwaka 1956, pamoja na daktari mwenziwe Singh, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa aina hiyo aliyemwona. Mgonjwa huyo alikuwa mtu mnene ambaye kwa miaka mingi alikuwa amezoea chakula cha Kizungu. Mwaka 1960 wachunguzi walitoa hesabu iliyoushangaza ulimwengu wa matabibu. Walilinganisha maiti 632 zilizopasuliwa Uganda na maiti 632 za St. Louis, Marekani, zenye umri na jinsia sawa. Za Marekani, 136 zilikuwa na kovu au jeraha la mshtuko wa moyo. Za Uganda ilikuwa moja tu.

Hapo ndipo ilipozaliwa kauli ambayo kwa muda mrefu ilikuwa mto laini wa kulalia: kwamba ugonjwa wa moyo wa namna hii si ugonjwa wa Mwafrika. Waliotoa hesabu hawakusema hivyo. Walisema kwamba wakati ule, katika maisha yale, ulikuwa nadra. Wala Kampala yenyewe haikuwa na watu wa aina moja: mwaka 1959 A. G. Shaper na mwenziwe Jones walionyesha kwamba Wahindi wa mji ule walikuwa na lehemu nyingi zaidi katika damu kuliko Waafrika, na ugonjwa wa moyo ulikuwa ukiwaua. Mji ulikuwa mmoja, jua lilikuwa moja, lakini chakula na kazi vilitofautiana. Lakini msikilizaji huchagua neno apendalo. Kwa kuwa kauli ilikuwa tamu, ilirithiwa, na watoto wa waliopasuliwa Mulago walikua wakiamini kwamba mioyo yao ina hirizi ya asili.

Wamarekani nao walikuwa wamepata onyo lao. Mwaka 1953 madaktari watatu wa jeshi lao walichapisha habari za askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wa vijana hao ulikuwa miaka 22. Katika kila kumi, zaidi ya saba walikuwa na dalili za ugonjwa zilizoonekana kwa macho katika mishipa ya moyo. Hawakuwa wagonjwa; walikuwa wateule waliopimwa wakaonekana wazima. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba ugonjwa wa moyo huanza siku ya maumivu. Huanza ujanani, nao hutembea bila viatu.

Swali lililobaki lilikuwa hili: miongoni mwa watu wenye uzito sawa, kwa nini mmoja hufa na mwingine huzeeka? Daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, alianza kulijibu mwaka 1947. Aliona kwamba unene si mmoja. Uko unene wa mapaja na makalio, ambao aghalabu ni wa wanawake, na uko unene wa tumbo, ambao aghalabu ni wa wanaume. Na wa pili ndio unaofuatana na kisukari na maradhi ya mishipa. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenziwe wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza ugonjwa wa ini uliofanana kabisa na wa walevi, lakini kwa watu wasiokunywa pombe. Walio wengi wao walikuwa wanene. Mwaka 1988 Gerald Reaven alionyesha kwamba shinikizo la damu, sukari, mafuta ya damu na ukaidi wa mwili kwa insulini huandamana kama ndugu wa nyumba moja. Na katika muongo ule ule Wajapani, kwa picha za eksirei zilizokata mwili tabaka kwa tabaka, waliweza kuyapima mafuta ya ndani kwa mtu aliye hai bila ya kumpasua. Kilichokuwa siri ya kaburi kikawa habari ya zahanati.

Nitajaribu kueleza kwa mfano wa nyumba ya mkulima. Mahindi yakivunwa huwekwa ghalani. Ghala likiwa kubwa, mavuno mengi hayana taabu. Likijaa, magunia hushushwa ukumbini, kisha jikoni, kisha chumbani, hata watu wa nyumba wakakosa pa kupita na moshi ukakosa pa kutokea. Ghala la mwili ni tabaka la mafuta chini ya ngozi. Mafuta yakikaa hapo hayana madhara makubwa. Ghala likijaa, au likiwa dogo kwa asili, mafuta humwagika ndani: baina ya matumbo, katika ini, katika kongosho, na juu ya moyo. Ndiyo sababu mtu mwembamba wa mikono na miguu aweza kuwa na ini lililojaa mafuta, na mtu mpana aweza kuwa nalo safi.

Mafuta yaliyo baina ya matumbo yana mshipa unaoyapeleka moja kwa moja inini. Ini likijaa huacha kusikia amri ya insulini. Hutoa sukari wakati isipotakiwa, na hutengeneza chembe nyingi za mafuta na kuzisukuma katika damu. Lehemu njema hupungua. Chembe ndogo nzito za lehemu mbaya huongezeka, hupenya kuta za mishipa, na humo huwasha moto mdogo usiozimika. Mafuta yaliyo juu ya moyo yana hatari yake peke yake, kwa sababu hakuna utando unaoyatenga na nyama ya moyo. Hushirikiana nayo damu ile ile. Picha za sumaku zilizopigwa maelfu ya watu Uingereza na Canada zimeonyesha kwamba wenye mafuta mengi ya ndani ndio ambao aghalabu mishipa yao ya shingo imekwisha kuwa minene, hata kama hawajaugua siku moja.

Haki yatudai tuseme na upande wa pili. Kuandamana si kusababisha. Mwaka 2008 wataalamu wa Dallas, Marekani, walipata tofauti ndogo ya urithi ambayo huwajaza watu mafuta inini. Lakini wenye urithi huo hawakuonekana kupatwa na ugonjwa wa moyo kwa kadiri ya mafuta yao. Ini lenye mafuta, basi, si muuaji kila mara. Lililo la hatari kwa moyo ni lile lililojazwa na uzidifu wa chakula na uchache wa kazi. Tena mwaka 2004 wataalamu wa mji ule ule walikuta mafuta ya ini kwa watu 24 katika kila 100 wenye asili ya Afrika, kwa Wazungu 33, na kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini 45. Asiseme mtu kwamba hirizi imepatikana tena. Watu weusi wa Marekani, pamoja na maini yao mepesi, husumbuliwa mno na shinikizo la damu na kisukari. Mlango mmoja ukiwa umefungwa nusu, mwizi hupitia wa pili.

Turudi nyumbani, maana Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake, nao ni wa thamani. Katika miaka ya 1960 Mmarekani George Mann aliwachunguza Wamasai wa Tanganyika, walioishi kwa maziwa na nyama, akakuta lehemu yao iko chini. Mwaka 1972 alitoa habari za Wamasai 50 waliopasuliwa: mishipa yao ya moyo ilikuwa na utando wa ugonjwa, lakini ilikuwa mipana, na damu ilipita bila kizuizi. Walikuwa watu wa kutembea mchana kutwa. Mwaka 1990 ulitolewa uchunguzi wa Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi: shinikizo lao la damu lilipanda katika miezi ya kwanza tu ya maisha ya mji. Mwaka 2008 wachunguzi waliowapima Wajaluo, Wakamba na Wamasai wa Kenya waliona kwamba watu wa mjini walikuwa na mafuta mengi zaidi ya ndani ya tumbo kuliko wa shamba. Damu haikubadilika njiani, wala ukoo haukubadilika ndani ya basi. Kilichobadilika ni siku ya mtu: anachokula asubuhi, anachobeba mchana, na anapoketi jioni.

Ushahidi ulio karibu zaidi na Kigombe ulitoka mbali na bahari. Mwaka 1996 ilichapishwa habari ya Lugalawa, kusini mwa Tanzania. Wachunguzi walilinganisha wanakijiji wa ukoo mmoja, baadhi yao wakiishi kando ya Ziwa Nyasa na kula samaki kila siku, na wengine wakiishi milimani na kula mboga na nafaka. Wala samaki walikuwa na shinikizo dogo zaidi la damu na mafuta machache zaidi ya damu. Sinia ya mvuvi, ile aliyoiona Ibn Battuta Mombasa, ilisifiwa tena na vipimo vya zama hizi.

Lakini sinia hiyo haiko kama ilivyokuwa. Katika siku za mkonge mkataji alikula ugali na maharagwe ya posho, akayachoma yote kwa kukata, kufunga na kubeba chini ya jua. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani laki mbili za mkonge. Kisha bei ya dunia ilianguka, mashamba mengi yakaota msitu, na kazi ile ngumu, ambayo sisemi kwamba ilikuwa ya kutamaniwa, ikapungua pamoja na ujira wake. Baharini nako, baruti zilizotupwa miaka mingi katika pwani ya Tanga zilivunja matumbawe na kuwapunguza samaki. Samaki mzuri apatikanapo huuzwa mjini, kwa kuwa fedha yahitajiwa; na fedha ile hurudi nyumbani kwa sura ya unga mweupe, sukari, na mafuta ya kupikia ya bei nafuu. Kitumbua cha asubuhi, chai yenye vijiko vitatu vya sukari, chapati, viazi vya kukaanga, soda ya baridi: hakuna kimoja kilicho haramu, na kila kimoja ni kitamu. Vyote kwa pamoja, kila siku, juu ya mwili uliopandishwa pikipiki kwa safari ambayo zamani ilikuwa ya miguu, ni tini za bata bukini.

Yuko atakayeuliza, je, nazi? Mtu wa pwani haulizi hilo kwa mzaha, maana nazi ni nusu ya upishi wake. Watu wa visiwa vya Tokelau, katika bahari ya Pasifiki, walipata zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao kwa nazi. Lehemu yao ilikuwa juu, lakini maradhi ya moyo yalikuwa machache kwao, na hali ya wale waliohamia New Zealand, waliokula nazi kidogo zaidi, ikawa mbaya zaidi. Hii si fatwa ya kumimina tui bila kipimo. Ni onyo kwamba tusimhukumu mzee wa nyumba na kumwachia mgeni aliyeingia na sukari.

Hesabu za taifa zaonyesha upesi wa mabadiliko hayo. Mwaka 1989 daktari Donald McLarty na wenziwe walitangaza kwamba katika vijiji sita vya Tanzania wenye kisukari hawakufika mtu mzima mmoja katika mia. Mwaka 2012 upimaji wa nchi nzima ulipata wenye kisukari kiasi cha tisa katika mia, na mwenye shinikizo la damu mmoja katika kila wanne. Vipimo vya nyakati mbili havilingani sawasawa, na mji haukupimwa pamoja na shamba mara ya kwanza; hata hivyo hapana awezaye kusema kwamba hakuna lililotokea. Mwaka 2015 ilifunguliwa Muhimbili taasisi ya moyo yenye jina la Rais Jakaya Kikwete, na mishipa iliyoziba, ambayo zamani wagonjwa walipelekwa India kwa ajili yake, huzibuliwa Dar es Salaam. Ni jambo la kushukuru. Lakini hospitali ni mahali pa kumwokoa aliyezama. Haifundishi watu kuogelea. Na kutoka Kigombe hata Dar es Salaam ni safari ambayo moyo uliokwisha kupasuka hauwezi kuingoja.

Habari njema, ambayo sikuiacha mwisho kwa bahati tu, ni kwamba mafuta ya ndani ndiyo ya mwisho kuingia na ya kwanza kutoka. Mwaka 2011 Roy Taylor na wenziwe wa Newcastle, Uingereza, waliwapunguzia chakula sana watu 11 wenye kisukari kwa majuma manane. Katika juma la kwanza tu sukari yao ya asubuhi ilirudi katika hali ya kawaida, na baada ya majuma hayo mafuta ya ini yalikuwa yameshuka kutoka kiasi cha sehemu 13 katika mia hata 3. Jambo kama hilo hufanywa chini ya macho ya daktari. Lakini somo lake ni la watu wote. Ghala huweza kupunguzwa, na ukumbi ukafagiliwa.

Wala kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mwaka 2004 uchunguzi uliofanywa katika nchi 52, ambamo zilikuwamo nchi za Afrika, ulionyesha kwamba upana wa kiuno ukilinganishwa na nyonga hutabiri mshtuko wa moyo vizuri kuliko uzito wa mwili kwa urefu. Kamba ya mvuvi yatosha. Mtu ajipime urefu wake kwa kamba, aikunje nusu, kisha aizungushe kiunoni. Isipokutana, asingoje maumivu. Apunguze sukari na unga mweupe kabla ya kumlaumu samaki. Arudie miguu yake. Na yule aliye mwembamba asijigambe, bali apimwe damu yake mara kwa mara, kwani shahamu iliyojificha haina haya ya kukaa katika nyumba ndogo.

Jambo gumu zaidi ya hayo ni kubadili salamu. Tumezoea kumwambia mtu aliyerudi kutoka mjini, na tumbo lake limemtangulia mlangoni, kwamba amenawiri. Twasema kwa upendo, na upendo wetu humzuia kujitazama. Babu zetu walikuwa na haki ya kusema hivyo, maana waliwazika wenye njaa. Sisi tumeanza kuwazika wenye shibe, wengi wao kabla ya mvi, na maneno yetu bado ni ya mazishi yale ya zamani.

Siku moja jarife ya Kigombe itamtoa tena silikanti chini ya maji marefu, na watu watakusanyika kumtazama. Watasema kwamba ni samaki wa kale asiyebadilika. Pafu lake lililosinyaa na kuzungukwa na mafuta litawakumbusha kwamba hata yeye alibadilika, lakini alipewa mamilioni ya miaka ya kujizoeza na mzigo wake. Sisi tumepewa miaka sitini, tangu maiti moja ya Uganda miongoni mwa 632 hata wagonjwa wanaojaa zahanati zetu leo. Mwili hauwezi kujifunza kwa haraka hiyo. Yatubidi tujifunze sisi kwa niaba yake.